Jinsi ya Kuvaa Hariri Penye Nyuzi 35

Kwanza, nawa mikono. Vumbi la Lodwar hukaa vidoleni hata kwa mtu aliyetoka kuoga, na kidole chenye vumbi hakitofautishi hariri na gunia. Kisha fumba macho. Ndiyo, hapo hapo sokoni, mbele ya watu. Muuzaji akidhani jua limekuzidi, mwache adhani. Kitambaa kizuri hutafutwa kwa ngozi. Macho hudanganywa na mng'ao, na mng'ao ndio unaouzwa kwa wingi.

Nayasema haya kwa uchungu. Nilipoalikwa arusi Kakuma, nilinunua gauni nililoapiwa kwamba ni la hariri. Kutoka Lodwar ni kama kilomita 120, na kabla hatujafika nusu ya njia lilikuwa limeninata mgongoni kama nailoni juu ya mkate wa moto. Lilikuwa la poliesta, kuanzia kola hadi upindo.

Kwa hiyo jifunze kuchoma. Muombe muuzaji ruhusa, nyofoa uzi mmoja kwenye upindo, uwashie kiberiti. Hariri hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kati ya vidole. Pamba hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka, ikajikunja na kuwa punje nyeusi, ngumu kama ushanga. Muuzaji akikataa uchome hata uzi mmoja, mshukuru uende zako.

Hapa mchana wa kawaida hufika nyuzijoto 35. Pamba na kitani hunywa jasho, upepo ukapita ukalikausha, mwili ukapoa. Poliesta haina koo la kunywea. Mtu wa Lodwar anayesisitiza pamba nyembamba haringi, anajihurumia, na ningependa kila mtu ajihurumie hivyo.

Upepo nao uupe heshima yake. Huku huvuma kwa nguvu kutoka mashariki, hasa usiku na asubuhi, na nguo isiyo na uzito chini itakuaibisha mbele ya wakwe. Dawa yake Waturkana waliijua zamani. Ukijaliwa kumfahamu mama mzee mwenye sketi ya ngozi ya mbuzi, muombe kwa adabu uiguse. Ngozi hiyo imekwanguliwa, ikapakwa mafuta, ikafikichwa siku baada ya siku hadi ikalegea. Katikati ni laini kama sikio la mwanambuzi. Pembeni vidole vinakutana na shanga za ganda la yai la mbuni, baridi, zimebanana, kila kipande kimechongwa duara na kutobolewa kwa mkono. Uzito wa shanga huivuta sketi chini, na mama akitembea inafuata hatua zake, si upepo. Nimeona mahameli za bei kubwa. Hakuna iliyonigusa kama hiyo.

Sasa panda gari uende Kakuma, ukiwa na siku nzima. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko 1992, na shirika la IFC lilipochunguza mji na kambi, ripoti yake ya 2018 ilitaja biashara zaidi ya 2,000. Kwa Wasomali shika dirac, shangazi wa dera letu: nyepesi mpaka mkono unaonekana upande wa pili, ndiyo maana huvaliwa juu ya gorgorad, sketi ya ndani. Kwa Waethiopia omba netela, mtandio wa pamba uliofumwa kwa mkono, upapase utepe wa rangi pembeni. Kwa Wakongomani geuza kitenge: cha waksi rangi imezama pande zote mbili. Kikiwa kipya kina wanga na hukakamaa, usikikatie tamaa, kifue mara mbili tatu.

Utamsikia mtu akiuliza mkimbizi ana haja gani na kitambaa kizuri. Swali hilo hunikera. Aliyevuka mpaka na nguo moja mwilini, akalala nayo, akaifua usiku ikauke kabla ya asubuhi, anajua kitambaa kuliko sisi wenye kabati. Akipata shilingi ya kununua kilicho laini, amechagua kwa ujuzi.

Siku ile ya arusi mama mmoja wa Kisomali aliniona nikijivuta vuta gauni. Hakuuliza. Alinishika mkono, akaniingiza chumbani kwake, akanipa dera lake la pamba lililofuliwa mpaka likawa kama maji, lenye harufu ya uunsi, ule ubani wa Kisomali. Nikala pilau, nikacheza hadi usiku.

Wiki iliyofuata nililirudisha, limefuliwa na kupigwa pasi. Alilipokea mlangoni, akalinusa, kisha akafumba macho na kuupitisha upindo wote kati ya vidole viwili, taratibu, kabla hajanikaribisha ndani.