Theluji Haili Wino

Mjomba wa Kibosho ametaka DVD 60 za kipaimara. Nikachagua printa yenye trei maalumu, inayochapa moja kwa moja juu ya DVD nyeupe, maana stika huvimba kwa joto na kukwama ndani ya deki. Duara lenyewe ni sentimita 12. Mjomba anataka humo askofu, mtoto, ukoo mzima na Kilimanjaro yenye mita 5,895, ingawa siku ile mlima ulijifunika mawingu tangu alfajiri. Theluji haikuniumiza, ni weupe wa DVD tu. Anga ndilo lililomaliza wino wa bluu, kwenye nakala ya 19. Desemba wageni wamepanda kutoka Dar, na laptopu zao hazina pa kuingiza DVD.