Anwani ya IP Ni Mtu: Hotuba Elekezi Kuhusu Tovuti Zinazogoma Kufunguka

Nimeombwa nizungumze kwa dakika kumi na tano juu ya kero ya tovuti kumfungia mtu mlango bila kosa, na kwa kuwa somo lenyewe ni dogo kuliko mzungumzaji, nitaanza na mzungumzaji. MC amenitambulisha kwa sentensi mbili. Simlaumu, wasifu wangu una kurasa 64 na ratiba ina chai. Kwa hiyo nawaomba ninyi nyote, mlio mia mbili na ushee, mjiunge na waifai ya ukumbi na mfungue tovuti yangu sasa hivi, kwa pamoja, ili kila mmoja awe na wasifu huo mkononi. Ikichelewa, bonyezeni tena na tena. Msihofu usalama. Ulinzi wa tovuti hiyo nimeuweka kwa mikono yangu: anwani yoyote itakayobisha hodi zaidi ya mara 60 kwa dakika moja inafungiwa saa nzima, haisikilizwi, haijitetei. Mtu mstaarabu hawezi kubisha hodi mara 60 kwa dakika.

Hoja yangu ni moja tu: anwani ya IP ni mtu. Anwani ikifungiwa, kuna mtu amekosa, na anayelia kwamba ameonewa aanze kwa kujichunguza. Mwaka 1981, kanuni ya anwani tunayoitumia mpaka leo ilipoandikwa, zilipatikana namba 4,294,967,296, nami huitaja kwa ukamilifu bila kuchungulia karatasi kwa sababu watu hupenda kunisikia nikiitaja. Wapo wachokozi watakaosema kwamba mwaka huohuo dunia ilikuwa na watu takriban bilioni 4.5, yaani tangu siku ya kwanza vichwa vilizidi namba. Nawajibu kwamba wengi wa hao walikuwa watoto, na mtoto wa 1981 alikuwa na kazi ya kuchunga mbuzi. Watasema pia kwamba Februari 3, 2011 hazina kuu ya anwani duniani iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila kanda, letu likaenda AFRINIC kule Mauritius, na kwamba kampuni za simu, kwa uhaba huo, zinawapakia wateja wengi nyuma ya anwani moja kama abiria wa daladala la mwisho. Ni kweli ziligawiwa zikaisha. Kitu kikigawiwa kikaisha, maana yake kila mtu amepata chake. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu, darasa ambalo mimi nililisoma miaka miwili ili nilielewe vizuri.

Pingamizi linalonichosha kuliko yote ni la sanduku la posta. Wanasema: shule nzima, walimu kwa wanafunzi, inatumia S.L.P. moja. Mwanafunzi mmoja mtundu akimwandikia mwenye duka barua ya matusi, naye mwenye duka akaapa kutofungua tena bahasha yoyote yenye namba ya sanduku lile, basi mwalimu mkuu aliyekuwa anaagiza chaki naye kaponzwa. Wanadai tovuti nayo ndivyo ilivyo: haioni sura yako, inaona sanduku. Mmoja wa wale mliopakiwa pamoja ana simu iliyoingiwa na kirusi, usiku kucha inamwaga barua taka, na asubuhi wewe unayetaka kulipa ada ya mtoto unakuta umefungiwa. Mfano mzuri, ila haunihusu. Mtu wa hadhi yangu hachangii sanduku. Anayetaka kuniandikia afuate kadi yangu ilivyo: jina langu kwa herufi kubwa, kupitia kwa Mwalimu Mkuu, kisha S.L.P. ya shule. Kadi zipo mlangoni, shilingi 500 moja.

Wasomi wanataka ushahidi, na mimi ninao wa ng'ambo. Mwishoni mwa 2006 Wikipedia ilizuia anwani moja isihariri kurasa zake, kwa sababu ya mharibifu. Ikabainika kwamba anwani ile ilikuwa lango la karibu nchi nzima ya Qatar, na mwananchi asiye na akaunti hakuweza kusahihisha hata nukta. Wapo wanaoisoma habari hii kama uonevu. Mimi naisoma kama kazi safi ya polisi: mharibifu alikuwa Qatar, Qatar ikafungiwa, mharibifu hakutoroka. Tuje Australia, 2013. Tume ya serikali inayosimamia makampuni na uwekezaji iliagiza watoa huduma waifunge anwani ya tovuti moja ya matapeli. Huku kilichochangiwa ni seva. Tovuti nyingi hupanga kwenye anwani moja kama wapangaji wa nyumba moja, na kivinjari kikifika kinataja jina la mpangaji kinayemtafuta. Utaratibu huo una kanuni yake tangu 1997. Sasa tume ikapiga kufuli geti. Zikafungiwa tovuti nyingine zaidi ya 1,000, pamoja na ya Melbourne Free University, watu wanaofundishana bure, jambo ambalo binafsi naliona la kutiliwa shaka. Baadaye tume ikakiri kwamba agizo jingine liligusa tovuti zipatazo 250,000, ikajitetea kwamba karibu zote hazikuwa na lolote la maana ndani yake. Huo ndio utetezi ninaoupenda! Tovuti isiyo na lolote la maana inafunguliwa ya nini? Ingekuwa amri yangu, kila tovuti ya namna hiyo... Samahani. Kijana wa mitambo ananiambia tovuti yangu haifunguki.

Naiona hapo kwenye skrini. 403, na chini yake, kwa maandishi mekundu, onyo nililolitunga mwenyewe: "Tunakujua. Acha." Nanyi wote inawaonyesha hivyohivyo? Inueni simu. Mia mbili. Ndugu zangu, kisomo hakihitaji kuonea haya matokeo: kwa mujibu wa hoja yangu, humu ndani mna mhalifu. Namwomba yule bwana wa mstari wa tatu mwenye kofia atutazame usoni. Mheshimiwa mgeni rasmi naye ananionyesha simu yake. Kwa upande wake hiyo ni hitilafu ya kiufundi.

Kijana anasema hakuna mhalifu. Anasema sote tumejiunga na ruta moja, ruta inatoka nje na anwani moja, kwa hiyo huko kwenye seva tunaonekana mtu mmoja mwenye haraka sana. Namjibu kwamba hilo haliwezekani kihesabu, maana mimi peke yangu nimezoea kuhesabiwa kwa wawili. Haridhiki. Anasema njia ya kujua kama unachangia anwani ni kulinganisha namba iliyopo kwenye mipangilio ya ruta, ile ya upande wa nje, na namba ambayo tovuti za kupima zinakuonyesha; zikitofautiana, kuna mtu katikati anayewaunganisha na wenzako. Namba mbili zikitofautiana, kijana, moja ni ya uongo, na hilo tulimalizana nalo kwenye hesabu. Anaongeza kwamba Aprili 2012 lilitengwa fungu rasmi, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, ambalo kampuni huwagawia wateja wanaopitishwa lango moja, na kwamba namba hizohizo zinarudiwa kampuni hadi kampuni. Nimetazama simu yangu hapa. Inaanza na 100.81. Ndugu washiriki, mia! Alama kamili! Wakuu wa intaneti walitenga fungu la watu maalumu, nami nimo, na sikuomba.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wangu hudhani litaniangusha. Wanauliza: mbona mtu aliyefungiwa akiiweka simu kwenye hali ya ndege kwa muda mfupi, kisha akairudisha, mara nyingine tovuti inafunguka, na yeye ni yuleyule? Kijana ana maelezo yake, kwamba kampuni imempa lango jingine. Mimi nasema ni toba. Sekunde kumi bila mtandao mtu anajirudi. Na wale wanaokimbilia VPN za bure nawaunga mkono kabisa, kwa sababu huko unafichwa kwenye anwani moja na maelfu ya watu usiowajua, na penye wengi hapaharibiki neno. Kijana anatikisa kichwa. Anashauri, kama njia zote zimeshindikana, mtu amwandikie mwenye tovuti, ataje anwani aliyoonekana nayo, saa kamili na maneno yaliyotokea kwenye skrini, ili mwenye tovuti apekue kumbukumbu zake aone mlango umefungwa na kanuni ipi na kwa nini. Ushauri wa kitoto. Mwenye tovuti ni mimi, na fomu ya malalamiko ipo ndani ya tovuti.

Lakini tazameni! Kijana ameiacha waifai, amewasha data ya simu yake, na picha yangu hiyo hapo, na tai, na kurasa 64 zote. Naona mnapiga makofi mkimtazama yeye. Ni unyenyekevu wenu, mnaona haya kunitazama mimi. Inathibitika kwamba kijana huyu ni mtu safi, anwani yake imeshuhudia. Sasa basi, amekubali, au atakubali, kutuwashia hotspoti. Simu haibebi wengi, kwa hiyo tutaingia kumi kumi kwa mistari, haraka haraka, kila mtu abonyeze mpaka wasifu ushuke wote. Mstari wa kwanza, tayari? Kijana, mbona unazima?