Sifa za Ritani

Mnazi umesifiwa na washairi wa pwani kuanzia mzizi hadi kuti. Jahazi limesifiwa, na mganga Nguvumali alitungiwa utenzi mzima. Ritani ya ushuru haijapata wa kuitungia hata ubeti. Kila Juni Wakenya huitaja kwa kununa, huikwepa mpaka tarehe 30 saa tano za usiku, huijaza kwa hasira, kisha huifuta akilini hadi mwaka unaofuata. Wapo wanaokumbuka foleni za siku ya mwisho zilizouzunguka mnara wa Times Tower, makao ya Mamlaka ya Ushuru jijini Nairobi, na hata hao hawakumbuki mtu aliyetoka humo akiisifu. Dhuluma hiyo imezidi. Kwa mtu anayeishi kwa kazi za mtandaoni, yule anayenakili sauti za mikutano, anayehariri video, anayechora nembo au kuandikia kampuni za ng'ambo, hakuna mteja wala jamaa anayemtendea wema unaofikia ule wa ritani.

Anayesifiwa hutajwa kwanza ukoo wake. Babu wa ritani ni kodi ya nyumba, iliyoletwa na Waingereza katika nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20. Mzee huyo hakuwa na maswali. Alihesabu vibanda, akadai rupia, na asiyekuwa nazo alikwenda kuzitafuta kwenye shamba la mzungu, kwa kuwa kumtoa mtu kwake akawe kibarua lilikuwa mojawapo ya makusudi yake. Mvua inyeshe isinyeshe, ng'ombe wafe wasife, kibanda kilibaki kibanda. Mjukuu ametoka katika ukoo huo mbaya, lakini amejifunza adabu moja ambayo babu hakuwa nayo: kuuliza. Ulipata nini mwaka huu? Ulitumia nini ili ukipate? Nani amekwisha kukukata? Mfanyakazi huru hukaa mwaka mzima bila kuulizwa maswali hayo na yeyote. Mteja wa Chicago anajua jina la akaunti yake na idadi ya nyota alizopewa, basi. Jukwaa linalowakutanisha huchukua kamisheni yake kimya kimya na kuendelea na safari. Majirani humwona akilala hadi saa nne asubuhi wakamhesabu miongoni mwa wasio na kazi. Ritani peke yake ndiyo humwamini kwamba anafanya kazi, na humwamini kiasi cha kumdai.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba humlazimisha mtu kujijua. Tuchukue viwango vilivyotumika mwaka 2024, tuiweke kando tozo ya nyumba na ile ya bima ya afya, tumfikirie mwandishi aliyelipwa shilingi 600,000 kwa mwaka. Akizitaja hizo tu, ushuru wake ni asilimia 10 ya 288,000 za kwanza, asilimia 25 ya 100,000 zinazofuata na asilimia 30 ya 212,000 zilizobaki: jumla 117,400. Akiondoa nafuu ya kila mtu, ambayo ni 28,800, anabaki na deni la 88,600. Lakini kama alitumia 150,000 kwa intaneti, umeme, kamisheni na kodi ya meza katika ofisi ya pamoja, na anaweza kuthibitisha, kipato kinachotozwa kinashuka hadi 450,000 na deni linakuwa 43,600. Tofauti ni 45,000, na inatokana na vikaratasi alivyokuwa akivitupa. Hakuna rafiki aliyewahi kumwambia kwamba robo ya mapato yake inaliwa na gharama za kuyatafuta, wala kwamba bei anayowatoza wateja ameipanga kana kwamba umeme ni wa bure. Ritani ilimwambia, na haikumtoza chochote kwa ushauri huo, ukiacha ushuru wenyewe.

Msomaji makini atauliza: athibitishe kwa kitu gani? Tangu Januari 1, 2024, matumizi mengi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru, hayakubaliki kupunguza ushuru, na fundi aliyemtengenezea kompyuta kichochoroni hana eTIMS, ana bisibisi. Pingamizi hili ni zito, na atakayeshindwa kulijibu asilifiche. Kweli, ritani humwadhibu mnunuzi kwa kosa la muuzaji, na humfanya mtu mnyonge kuwa askari wa ushuru asiyelipwa, akizunguka madukani kudai karatasi. Hata hivyo kazi hiyo ya uaskari ina faida yake. Aliyejifunza kudai ankara kwa fundi hataona haya kudai malipo kwa mteja aliyechelewa miezi mitatu, na wafanyakazi huru wengi wanaumizwa zaidi na haya zao kuliko na Mamlaka ya Ushuru.

Fadhila ya pili ni ya ajabu zaidi, kwani inamwendea mwenye kipato kidogo. Mteja aliye nchini akimlipa mtaalamu shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, hukata asilimia 5 na kuipeleka serikalini kabla ya kumlipa. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, kiwango hicho hicho kimewafikia pia wanaolipwa kwa maudhui ya mtandaoni. Mwenye kupata 24,000 kila mwezi kutoka kwa mteja mmoja atakuwa amekatwa 14,400 kufikia Desemba. Sasa mpigie hesabu: mapato ya 288,000, ushuru wa 28,800, nafuu ya 28,800. Hadaiwi hata senti. Zile 14,400 ni zake, na zipo katika hazina ya nchi yake, lakini nchi haitamtafuta ili imrudishie. Mlango wa kuziendea ni mmoja, nao ni ritani. Aliyeikimbia kwa kuogopa kulipa amelipa, na amelipa asichodaiwa. Tena akichelewa anaongezewa faini, asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa au shilingi 2,000, ile iliyo kubwa. Ni kweli kwamba aliyeomba kurejeshewa huweza kungoja mpaka asahau alitaka kununua nini. Tulihesabu hilo pia kuwa fadhila: serikali imemwekea akiba mtu ambaye peke yake asingeweka.

Kuna wanaosema ritani ni ya sifuri tu. Hao hupita saiba mwishoni mwa Juni, humpa kijana wa pale nambari ya PIN, nywila na noti mbili tatu, na dakika tano baadaye wametangaza mbele ya serikali kwamba mwaka mzima hawakupata kitu. Kwa asiye na kipato hilo ni haki na ni sheria. Kwa aliyelipwa dola mwaka mzima ni uongo, tena uongo ambao wa kwanza kuuamini ni yeye. Siku anapotaka mkopo, au ubalozi unapotaka kujua anaishi kwa nini, mwajiriwa hutoa hati ya mshahara. Yeye hana mwajiri wa kumwandikia hati. Ana ritani, na ritani yake inasema sifuri. Amejishuhudia mwenyewe, na ni vigumu kumpinga shahidi wa namna hiyo.

Linabaki pingamizi kubwa kuliko yote, linalosemwa na watu wenye akili timamu: kwa nini mtu ajitaabishe kuhesabu fedha zitakazoliwa? Ambaye hajawahi kujiuliza hivyo hajasoma ripoti hata moja ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Lakini tazama jinsi ushuru unavyolipwa. Mwajiriwa hukatwa kabla ya kuuona mshahara. Kilichokatwa hakikuwahi kukaa mkononi mwake, kwa hiyo hupita bila kumuuma sana. Mfanyakazi huru huzipokea fedha, huzizoea, huzipangia matumizi, kisha huzitoa kwa kidole chake mwenyewe kwenye simu. Yule mwandishi wetu anajua ni 43,600, wala si elfu arobaini na kitu. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakajaa barabarani, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Maneno ya jumla kuhusu wizi yalikuwepo miaka yote. Kilichoongezeka safari ile ni watu waliojua kifungu fulani kingewagharimu nini. Anayesema wanakula huitikiwa kwa kichwa na kuachwa aende zake. Anayesema nimetoa 43,600, nionyesheni dawa katika zahanati ya kwetu, ni vigumu kumpa jibu la kumtosha.

Ndiyo maana ritani yafaa kusifiwa na wale hasa wasioipenda serikali. Mtawala mwenye busara, anayetaka raia wasijue wanatoa nini, hawezi kuifuta, maana anazihitaji fedha zenyewe. Angefanya lililo karibu na kuifuta. Angeiandika kwa Kiingereza cha mahakamani. Mwenye biashara ndogo angempa jedwali la Excel la kupakua, lenye kurasa tele na lisilofunguka mpaka makro ziruhusiwe, na linalokataa kukubali kitu kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi. Mtandao angeuacha uelemewe siku ya mwisho, ili mchovu aseme yaishe, aende saiba, atangaze sifuri na alale. Haidhaniwi kwamba kuna aliyeketi mahali akapanga hayo yote. Ofisi zinaweza kufika huko bila kupanga. Lakini mtu anayeijaza kwa mkono wake, akiwa na ankara mezani na hesabu akilini, amepata kitu ambacho fomu ile, kwa jinsi ilivyotengenezwa, haikuonekana kutaka akipate.