Akina Yamada Sebuleni Kwetu

Mama mkwe wangu hapendi filamu za watu wazima wasio na kazi. Shemeji yangu hapendi filamu ambayo hafi mtu. Mwanangu wa kidato cha pili hapendi filamu yoyote anayolazimika kuitazama kochi moja na wazazi wake. Hao ndio niliowakusanya sebuleni kwetu Tanga, Jumamosi baada ya isha, nikachomeka flashi kwenye runinga na kuwawekea katuni ya Kijapani ya dakika 104 isiyo na jambazi, isiyo na jini, wala mkasa mmoja unaoanza hapa na kuishia pale. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alijialika mwenyewe aliposikia harufu ya bisi.

Katuni yenyewe kwa Kiingereza inaitwa My Neighbors the Yamadas. Ilitoka Japani mwaka 1999, kazi ya Studio Ghibli, kule kule kwa Hayao Miyazaki, ila hii aliiongoza mwenzake, Isao Takahata. Chimbuko lake ni vibonzo vya Hisaichi Ishii vilivyokuwa vikitoka katika gazeti la Asahi Shimbun, vile vya picha nne: unacheka, unafungua ukurasa wa michezo. Takahata akavichukua hivyo hivyo, akaviunga kimoja baada ya kingine, hadithi hakutia. Kuna baba anaitwa Takashi, mkewe Matsuko, mtoto wa kiume Noboru, binti mdogo Nonoko, mbwa mwenye sura ya kununa, na bibi Shige, ambaye ni mama mzazi wa Matsuko. Yaani mwanaume anaishi nyumba moja na mama mkwe wake. Hapo tu, picha haijachanganya, nikakohoa na kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa shemeji. "Hawa mbona hawakumaliza kuchora?"

Hakukosea sana. Watu wana mistari michache, rangi zimepita juu juu na kuishia njiani, na pembeni mwa picha kumebaki weupe mtupu. Nikamweleza kwamba weupe ule ni wa gharama: hii ndiyo filamu ya kwanza ya Ghibli kutengenezwa yote kwa kompyuta, na kompyuta zenyewe kazi yake ilikuwa kuifanya ionekane imechorwa kwa mkono na kupakwa rangi ya maji na mtu mwenye haraka ya safari. Shemeji ni fundi rangi. Alitafuna bisi kimya kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo walilipwa zaidi kwa kuacha ukuta mweupe?" Tangu hapo aliitazama kwa heshima, ingawa kwa sababu zisizohusiana na sanaa.

Mwalimu alikuwa na shida nyingine. Alikuja na leso. Alishawahi kuona Grave of the Fireflies, ile ya mwaka 1988 ya watoto wawili wanaoteketea kwa njaa wakati wa vita, akajua jina la Takahata maana yake ni msiba. Kila Takashi alipotoka mlangoni kwenda kazini, Mwalimu alikaza leso na kunong'ona, "Huyu harudi." Takashi akarudi, akaomba chakula. Kesho yake akarudi tena. Nadhani Mwalimu alijisikia ametapeliwa.

Kilichomponya ni mashairi. Baadhi ya vipande vya filamu hii vinafungwa na sauti inayosoma haiku ya mabingwa wa zamani, Bashō akiwemo. Mwalimu akaniambia nisimamishe picha. Akataka kujua shairi lina mizani ngapi. Nikamwambia tano, saba, tano. Akahesabu kwa vidole. "Kumi na saba! Mshororo wetu mmoja una kumi na sita. Hawa shairi zima limezidi mshororo wetu kwa mizani moja, na vina hakuna!" Mwanangu akamwomba Mungu kwa sauti ya chini. Dakika kadhaa zilipita filamu imesimama huku tukipewa somo la bahari za ushairi, na bado Mwalimu anashikilia kwamba hicho ndicho kipande bora cha filamu.

Mkalimani wa jioni hiyo, kwa kuwa maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, alikuwa mwanangu, na bibi yake ndiye mteja. Takashi na Matsuko wanajibizana, wanapumua, wanajibizana tena.

"Wanasemaje?"

"Wanagombana, bibi."

"Kuhusu nini?"

"Vitu."

Kwa tafsiri ya namna hiyo mama mkwe alielewa filamu kuliko sisi sote, maana hakupoteza muda kusoma. Aliwatazama nyuso.

Basi tukafika kwenye kisa cha Nonoko. Familia imekwenda kwenye duka kubwa, imefanya manunuzi yake, imepanda gari, imeshika njia. Ghafla wanagundua mtoto hayumo. Hapo gari zima linageuka baraza la mashtaka: nani alikuwa na mtoto, nani alidhani yuko na nani. Na Nonoko huko dukani hana wasiwasi hata chembe. Kwa hesabu yake, aliyepotea si yeye, ni wenzake. Anamkuta mtoto mwingine analia na kuanza kumbembeleza.

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu kicheko kikakatika. Nilijua kimekatikia wapi. Sisi hatujawahi kusahau mtoto dukani, niseme hilo mapema. Tuliwahi kumwacha binti yetu harusini Muheza, jambo ambalo ni tofauti kabisa, kwa sababu harusini kuna ndugu. Tulifika nusu ya njia kila mmoja akiamini kalala kwenye gari la mwenzake. Suala la nani alitakiwa kuhesabu watoto halijafungwa mpaka leo, na sioni kwa nini katuni ya Wajapani ije kulifungua sebuleni kwangu mbele ya mama mkwe. Mke wangu alisema kipande kile kimetiwa chumvi. Mimi nilisema ndicho kipande cha kweli kuliko vyote. Mama mkwe aliuliza, "Ni lile gari la Muheza?" Hakujibiwa.

Kisa cha rimoti ndicho kilichotupindua. Takashi na Matsuko wanagombea chaneli. Mmoja anabonyeza, mwingine anakinga gazeti mbele ya runinga ili mionzi isipite, kwa mikogo ya watu wenye panga mkononi. Wote wakacheka, hata mbwa wa jirani alibweka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu ametoka kazini, anataka kutazama taarifa ya habari, kosa lake nini?

Zikaja pikipiki. Genge la vijana linaungurumisha injini usiku mtaani, na Takashi, kwa kuwa ndiye baba, anasukumwa akawakemee. Anatoka amevaa kofia ngumu kichwani. Anasimama mbele yao, maneno hayatoki. Na hapo hapo, pap, giza.

Si umeme wa mtaa. Ni uniti za kwetu. Mita ya LUKU ilikuwa inalia tangu magharibi, kila mtu aliisikia, na kila mtu alijua kwamba mwenzake ameisikia. Kilichofuata sitakieleza kirefu, kwa sababu Takahata alishakichora: ni kile kile cha ndani ya gari. Nikanunua kwa simu. Shemeji akawa anasoma tarakimu 20 za tokeni, mimi nabonyeza, mama mkwe ameshika tochi ya simu ananimulika machoni badala ya kwenye vibonyezo. Imekataa. Tena. Shemeji akasema "saba" mimi nikasikia "saba saba". Imekataa. Mwanangu akaninyang'anya kila kitu, akaingiza namba bila hata kusomewa, taa zikawaka, akarudi kochini asitazame mtu.

Tukaendelea. Bibi Shige anatoka nje, anawapa wale vijana ujasiri wanaoutafuta kwa njia nyingine: kama mna nguvu hizo, wafanyieni watu mema. Vijana wanalegea. Mama mkwe wangu akapiga paja. "Mle ndani mwanaume ni mmoja, naye ni huyo bibi." Wala hakunitazama, na ndivyo nilivyojua ni mimi. Takashi anabaki peke yake nje, anajiota yuko juu ya pikipiki, kavaa mavazi meupe ya Gekko Kamen, shujaa wa runinga ya Japani ya zamani, anawaokoa mkewe na mama mkwe wake. Nilitaka kusema neno juu ya upweke wa baba wa familia. Nikaomba chai.

Tuliposambaa, kura ziligongana. Mke wangu: nzuri, toa gari. Mwalimu: nzuri, toa kila kitu acha haiku. Shemeji: rangi nzuri, kazi haijaisha. Mwanangu: "Si wangetafuta tu hadithi?" Na huyu kijana ana wenzake wengi Japani. Mwaka 1997 Ghibli walikuwa wametoa Princess Mononoke ya Miyazaki, yenye miungu ya msituni na vichwa vinavyoruka, ikavunja rekodi ya mapato ya nchi nzima. Miaka miwili baadaye watu wakatarajia mengine ya aina hiyo, wakakuta mke na mume wanagombea rimoti. Filamu haikurudisha gharama zake. Mwaka 2001 Miyazaki akaja na Spirited Away, mizimu ikarudi, na watazamaji nao wakarudi.

Wanaoilaumu husema haina hadithi. Mimi nadhani wanasingizia. Sebuleni kwetu kila mtu alikipenda kipande ambacho mwenzake ndiye amevuliwa nguo, na kukikuta na kasoro ya kisanaa pale tu zamu yake ilipofika. Mwanangu aliona filamu nzima haifai, na huyo Noboru wa kwenye katuni, mwenye kulalamikia masomo na wazazi, hakukosekana karibu kila kipande.

Mama mkwe ndiye aliyetoa hukumu kali kuliko wote: upuuzi mtupu, watu wazima hovyo, nyumba haina utaratibu. Juzi ameniuliza sehemu ya pili inatoka lini. Nimemjibu, kwa adabu zote, kwamba haipo. Takahata hakuwarudia tena akina Yamada. Filamu yake ndefu iliyofuata, The Tale of the Princess Kaguya, ilitoka mwaka 2013 na ndiyo ikawa ya mwisho, naye alifariki Aprili 2018.