Ugali wa Lozi

Wifi yangu anaishi Ujerumani, na safari hii kabla ya kuja likizo alitanguliza habari kwa simu: daktari amemkataza ngano. Nikamwambia asijali, tutampunguzia chapati.

"Si kupunguza, wifi. Hata chembe. Nina seliaki."

Nikaitikia "oo" ndefu, ile ya mtu asiyejua kitu na hataki kijulikane. Nilielewa baadaye. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna gluteni, ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwenye seliaki akiila, mwili wake huanza kuushambulia utumbo wake wenyewe. Daktari mmoja wa watoto huko Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Njaa ya mwisho wa vita ikamwonyesha: mkate ulipoadimika, watoto wale wagonjwa walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu juu ya jambo hilo. Mimi nimekanda chapati miaka ishirini na sikuwahi kuishuku.

Sasa, mtu mwenye akili angemwandalia wifi vyakula vilivyojaa jikoni mwangu: mihogo, mchele, mtama, sembe. Hata vitumbua vya jirani ni vya mchele. Lakini hapa kwetu Maungu, kama kwingineko, mgeni aliyepanda ndege hapokewi kwa muhogo wa kuchemsha. Hupewa kitu cha ngano, na akikatazwa ngano hupewa kitu kinachojifanya ngano. Tukakubaliana: tutapika biskuti za unga wa lozi, na unga ataleta mwenyewe.

Alishuka kwenye treni Voi jioni, tukaingia matatu, kilomita thelathini hivi kuelekea upande wa Mombasa, malori yakitupita kama yanafukuzwa. Mizigo ilipofunguliwa nikaona mfuko wa kitambaa, umefungwa kwa uzi. Alikuwa amesikia kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na kwa kuogopa kushikwa uwanjani akaumimina unga wote, kilo mbili, kwenye mfuko huo. Pakiti yenye maandishi ikabaki kwao kwenye pipa la taka. Tukaweka mfuko juu ya meza ya jikoni, tukalala.

Mama mkwe huamka saa kumi na moja. Aliukuta unga, akautia kidole, akauona mweupe wenye chenga kidogo, akaamua ni sembe ya grade. Akaweka maji jikoni.

Niliamshwa na mwiko. Mwiko unaosonga ugali una mlio wake, mzito, na huu haukuwa huo. Huu ulikuwa unachapa maji. Nilimkuta mama ameinama juu ya sufuria, leso imemteleza kichwani.

"Unga gani huu?" akaniuliza bila kugeuka. "Naongeza, haushiki. Naongeza, haushiki."

Nikachungulia. Rojorojo lilikuwa linatokota taratibu, na pembeni mwa sufuria mafuta yamejitenga, yanang'aa. Nikatazama mezani. Mfuko ulikuwa umelegea katikati.

Ugali husimama kwa sababu ya wanga, na lozi ina wanga kiduchu sana. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mama angesonga mpaka Krismasi. Lozi nyingi za duniani, kama nne katika kila tano, hutoka California. Sina shaka hizi nazo zilitoka huko, zikavuka bahari mpaka Ujerumani, zikapanda ndege mpaka Nairobi, zikapanda treni mpaka Voi, zikafia kwenye sufuria ya Maungu kabla jua halijatoka. Kilo nzima. Wifi alipoamka akaona, alikaa kwenye kigoda asiseme kitu. Mama, asiyetupa chakula, akatia maziwa na sukari, akauita uji, akaenda kuunywa nje akitazama mlima Kasigau.

Kilo iliyobaki ilitutosha. Tatizo likawa vipimo. Maelezo kwenye simu ya wifi yalisema vikombe viwili na nusu. Kikombe kipi? Tulikuwa na cha bati, cha udongo, na cha kahawa kisicho na mkono. Zamani, misafara ilipokata nyika ya Taru na kufika Maungu hoi kwa kiu, posho ya wapagazi ilipimwa kwa kibaba, na kibaba angalau kilikuwa kipimo. Wifi akasema ni kikombe cha Kimarekani, mililita 240. Nikatoa chupa ya soda ya mililita 300, tukapunguza moja ya tano kwa jicho. Kwa jicho lake, kisha kwa langu. Hazikulingana.

Halafu joto: digrii 350 za Fahrenheit. Jiko langu ni la makaa. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, juu ya mchanga nikaweka sinia la bati, nikafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko. Kipande cha karatasi ya daftari nilichokitia ndani kikageuka kahawia, nikatangaza kwamba digrii zimefika.

Mkupuo wa kwanza uliungua chini na kubaki mbichi juu, kwa maana unga wenye mafuta hivyo hausubiri. Mkupuo wa pili nilipunguza makaa, zikaiva vizuri, nikazinyanyua zingali moto, zikanivunjikia mkononi moja baada ya nyingine. Kumbe bila gluteni hakuna kinachozishikilia mpaka zipoe. Wifi akasema tusubiri dakika ishirini. Sikumbuki lini nilingoja biskuti dakika ishirini.

Mkupuo wa tatu nikaamua kufanya kazi ya kiustadi. Nikasukuma donge kwa chupa, nikakata miduara kwa mdomo wa glasi, nikapanga. Zikatoka za rangi ya asali, kingo zimenyooka. Zikapoa. Nikaziweka kwenye sahani ya maua, ile ya wageni. Wifi akachukua moja, akaifikisha karibu na mdomo, akasita. Alikuwa anaangalia mbao ya kusukumia.

"Wifi. Ule unga mweupe kwenye mbao ni wa nini?"

Ni wa kuzuia donge lisishike. Mkono wangu ulikuwa umejiendea wenyewe kwenye mkebe wa unga wa chapati, ukachota, ukanyunyiza, kama ulivyozoea, bila kuniomba ruhusa.

Watoto wa jirani walizimaliza zote na kuuliza kama kuna nyingine. Wifi alikula kimanga cha mama, muhogo na maharagwe, kutoka sufuria ya mama ambayo haijawahi kuona ngano. Mama mwenyewe alikuwa ameshika kikombe cha bati, uji umepoa, anakwangua chini kwa kijiko.

"Ule unga wako," akamwambia bintiye, "kwa ugali hamna kitu. Lakini uji! Mwakani niletee kilo tano."