Jinsi ya Kuliombea Taifa Bila Kumuudhi Mheshimiwa

Hongera, mchungaji. Ofisi ya kamishna wa kaunti imekupigia simu: Sikukuu ya Madaraka, wewe ndiwe utakayefungua kwa sala. Umepewa dakika tatu. Wenzako wameisubiri simu hiyo miaka mingi. Wengine wameifungia na kuikeshea, ingawa watakwambia walikuwa wakikesha kwa ajili ya nchi. Usitetemeke. Kazi hii inafundishika.

Hatua ya kwanza: jua unamwomba nani. Mungu yuko kila mahali, kwa hivyo hata ukimpa kisogo huna hasara. Mheshimiwa yuko mahali pamoja tu, kiti cha katikati, safu ya mbele, na helikopta inamngoja. Elekeza mdomo huko.

Hatua ya pili: chagua andiko, na ujue pa kulikatia. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, ndio mtaji wako: Paulo anaagiza wafalme na wenye mamlaka waombewe. Soma kwa sauti nzito, kisha funga Biblia upesi, kabla hujafika anapoeleza sababu, yaani raia wapate kuishi kwa utulivu. Usithubutu kukumbusha mtu kwamba, kwa mapokeo ya kanisa, Paulo huyohuyo aliuawa Roma chini ya Nero. Watu wakisikia Nero huanza kulinganisha. Warumi 13 nayo inafaa, nusu yake: ile ya kutii na kulipa ushuru. Ile inayomwita mtawala mtumishi iache nyumbani. Na Samweli wa Kwanza sura ya 8 ipake gundi kabisa isifunguke. Humo nabii anawahesabia Waisraeli vitu ambavyo mfalme wanayemtaka atawachukulia: wana, mabinti, mashamba, mizabibu, fungu la kumi la nafaka, fungu la kumi la kondoo. Inakaribiana mno na Mswada wa Fedha.

Hatua ya tatu: itifaki izingatiwe. Omba kwa vyeo, kuanzia juu kushuka, na usiruke mtu, kwa maana diwani aliyerukwa kwenye sala hasamehi. Asubuhi ya siku yenyewe hakikisha naibu wa rais ni nani. Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa mmoja, na tarehe 1 Novemba mwingine akaapishwa. Aliyekuwa amekariri sala yake tangu mwaka uliotangulia angemmwagia baraka mtu asiye na msafara. Wananchi waweke mwisho, wote kwa mkupuo mmoja. Usione haya. Wimbo wa taifa wa majirani zetu Tanzania, ambao ni sala tupu, unawataja viongozi katika ubeti wa kwanza; wake kwa waume na watoto wanangoja wa pili.

Hatua ya nne ni toba, na hapa ndipo wengi huangukia. Nchi lazima itubu, hilo halina mjadala, lakini atubu nani? Jibu ni "sisi". Sisi tumekosa, sisi tumepotoka. Ukitubu kwa niaba ya watu milioni hamsini, kila mmoja atabakiwa na dhambi ndogo isiyomzuia kula chakula cha mchana. Orodha yako ya makosa iwe na ukabila, mavazi, na vijana wasioheshimu wazee mitandaoni.

Ufisadi pia utaje, tena kwa ukali, ila utaje kama pepo. Kemea! Pepo wa ufisadi, toka! Piga mguu chini. Utaona mheshimiwa naye akiitikia amina kwa nguvu kuliko wote, na ana haki, maana pepo hasaini zabuni. Pepo hana kampuni iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, hana nyumba Dubai, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi haiwezi kumwandikia barua ya wito. Ukishamfukuza, kesi imekwisha na hakuna aliyeshtakiwa.

Kama ni lazima mtu aombe radhi, aombe kwa masharti. Mei 2025, kwenye maombi ya kitaifa, Rais William Ruto aliwaambia vijana wa Kenya kwamba ikiwa kuna mahali serikali ilipotoka, isamehewe. Na majirani wa Tanzania nao akawapa radhi yenye "ikiwa" yake. Jifunze hapo. Radhi ya namna hiyo humwachia aliyekosewa kazi ya kwenda kutafuta kosa.

Usijaribu kabisa njia ya Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana. Mwaka 1987, chama tawala cha wakati huo, KANU, kikishikilia kura ya mlolongo, yeye alipanda mimbarini akahubiri kitabu cha Danieli, wale wakubwa waliomzunguka mfalme mpaka akatia sahihi sheria mbaya. Hakumtaja mtu yeyote, na kila mtu alijitambua. Aprili 1989 genge likavamia nyumba yake usiku, akanusurika kwa kupanda paani. Wewe una magoti mabaya, mchungaji. Baki na pepo.

Hatua ya tano: omba vitu ambavyo viko njiani. Mfano mzuri ni tarehe 14 Februari 2023, taifa lilipokusanyika Uwanja wa Nyayo kuomba mvua baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame. Mvua za masika huanza Machi. Sisemi zaidi, nasema tu kwamba mwombaji hodari ana Biblia mkono mmoja na kalenda mkono wa pili. Usiombe kazi kwa vijana, haina msimu.

Hatua ya sita: kilio. Sekunde kumi zinatosha, kamera ikiwa upande wa kulia.

Ukifuata haya utapanda ngazi, na siku moja utakaa kwenye kifungua kinywa cha maombi ya kitaifa, pale hoteli ya Safari Park. Desturi hii ya kuombea nchi huku mayai yakipoa Wamarekani waliianza 1953, enzi za Eisenhower, na sisi tumeivaa ikatukaa. Usidhani huko husemwa mambo ya mbinguni pekee. Mei 2024 Rais alipata nafasi hapo ya kueleza bei ya ndege ya kukodi iliyompeleka Marekani: chini ya shilingi milioni 10, alisema. Mahali pa kutajia bei ya ndege ni palepale ambapo wasikilizaji wameshaambiwa wainamishe vichwa. Hazikupita wiki nne, vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha wakaingia Bungeni, tarehe 25 Juni. Hao hawakuwa na kadi ya mwaliko, kwa hivyo usiwaweke kwenye hesabu zako.

Sasa tuje kwenye bahasha, maana naona umeanza kuangalia saa. Zamani mambo yalikuwa mepesi: mheshimiwa anakuja ibadani, anatambulishwa, anapewa kipaza sauti, anataja kiasi, kwaya inalipuka. Siku hizi kuna maaskofu wasioelewa mazingira. Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu kanisani, nao wameketi palepale mbele yake. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaukataa mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto, na wa gavana, akaagiza pesa zirudi zilikotoka. Pesa za kwaya!

Kwa hivyo usipokee chochote madhabahuni. Shukuru kwa ujio wake, mwombee safari njema, kisha mnong'oneze kwamba Bwana amekupa neno lake binafsi, lisilofaa kusemwa hadharani. Mwongoze ofisini. Na hapa, mchungaji, ndipo agizo la Mathayo 6 linapokufaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, lile la kuingia chumbani na kufunga mlango. Msaidizi mwenye mkoba aingie naye. Mhasibu wa kanisa angoje nje.