Nasaha ya Simu kwa Mnywaji wa Chai

Wako mahodari wa programu za simu waliokusudia kumnasihi mwananchi, kila alfajiri, asinywe kahawa kabla ya kutia kitu tumboni, wala asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, kiasi ambacho wataalamu wa chakula wa Ulaya walikikadiria mwaka 2015 kuwa hakimdhuru mtu mzima mwenye afya. Nasaha hiyo, ijapokuwa njema, itakapowasili Mbozi, iliyokuwa chini ya Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016, itamkuta mkulima, ambaye buni yake husafirishwa ng'ambo kustarehesha wageni, ameketi kwa utulivu na kikombe cha chai ya Mufindi, Iringa, iliyokolezwa sukari bila ya hofu wala hesabu. Hapo simu, kwa adabu yake yote, itampongeza kwa kujihini kahawa, na juu ya sukari isitamke hata herufi moja. Enyi mafundi, mkiitakia heri asubuhi ya Nyanda za Juu Kusini, anzeni kuhesabu vijiko vya sukari. Kahawa wengi wetu hatujaizoea, seuze kuizidisha.